Mgonjwa wa Jumapili

Tantine Chantal ameondoka. Jumamosi tulimsindikiza uwanja wa ndege, mimi na Tonton Murhula, na tangu siku hiyo shuleni wananiuliza kama naumwa, kwa sababu nakaa darasani kutwa nzima bila kumwiga mwalimu hata mmoja. Siumwi. Nina miaka kumi na saba na nimefiwa bila mtu kufa, basi. Nyumba yetu ilikuwa Chaussée de Wavre, juu ya duka la vitenge, ghorofa ambayo ukipanda ngazi zake na mfuko wa unga ulifika juu umeshatubu dhambi zote. Jinsi nilivyokuja kuishi kwa Tantine na Tonton, yaani shangazi na mjomba kwa Kifaransa chetu, siwaelezi. Kila mtu wa Kivu aliyeko Brussels ana hadithi ya namna hiyo na zote zinaliza, na mimi ya kuliza nimebakiza moja tu. Ni ya mwaka jana, mwaka ambao Tantine alikuwa anasomea kuandika dawa za akili, na Tonton, mume wake, alikuwa mgonjwa mbele ya macho yetu, kila Jumapili, nasi tunampigia makofi.

Tantine ni mwanasaikolojia. Hapa Ubelgiji maana yake ni kwamba anaruhusiwa kukusikiliza mpaka ulie, lakini kidonge, hata cha usingizi, hawezi kukuandikia; hiyo ni kazi ya daktari. Kule Bukavu alikotoka mambo yamegeuka. Wa kusikiliza wapo, hata maman wa sokoni anasikiliza, ila daktari wa akili wa kukuandikia dawa unaweza kumtafuta mpaka ukapona mwenyewe. Ndipo hospitali moja ya huko ikamwambia: Maman Chantal, ukisomea dawa tutakupa kazi, utaziandika chini ya jicho la daktari wetu. Akapata chuo ng'ambo ya Atlantiki, katika jimbo ambalo sheria yake inawaruhusu wanasaikolojia waliosoma zaidi kuandika dawa hizo, na chuo hicho kinafundisha kwa mbali, kwa Kifaransa, kupitia kompyuta. Kwa hiyo chuo kikuu kilihamia jikoni kwetu. Ubongo wa plastiki ulikaa juu ya friji, jirani na gunia dogo la maharagwe. Majina ya dawa na madhara yake yalibandikwa kwa vikaratasi vya rangi kwenye kila mlango wa kabati, hata aliyefuata chumvi alikutana kwanza na figo na maini. Siku moja nilimsomea Tonton kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Bon, hii inaleta usingizi. Hii inanenepesha. Na hii, tonton, inaondoa hamu ya mambo ya ndoa." Tonton alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi. Hakuinua hata kichwa. "Ile ya mwisho mupelekee pasta," akasema, na Tantine akacheka mpaka akaegemea jiko. Nyumba ilikuwa hivyo. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine: ilikuwa nyumba ya watu wanaocheka.

Chuo kilimtaka Tantine, kila juma, amhoji mgonjwa wa kuigiza mbele ya kamera, kisha aandike kwenye karatasi ya mazoezi ni dawa gani angempa na kwa kiasi gani, atume vyote kwa profesa. Tulifanya Jumapili mchana, tukitoka kanisani, chakula kikiwa kimefunikwa mezani. Ulitakiwa ukuta mtupu nyuma ya mgonjwa, na ukuta mtupu pekee ulikuwa nyuma ya friji, basi friji ikasukumwa. Halafu ikawa inanguruma kwenye rekodi, basi ikachomolewa. Halafu tukasahau kuichomeka, na juma hilo lote makayabu, wale samaki wa chumvi, walitukumbusha. Mgonjwa wa kwanza nilikuwa mimi. Niliigiza malkia anayeamini tramu zote za Brussels ni farasi wake, na profesa akajibu kwamba mgonjwa huyu hahitaji dawa, anahitaji kuosha vyombo. Nikafukuzwa kazi. Akaletwa Maman Odette, mwenzake Tantine wa kwaya, aigize mwanamke anayesikia sauti, lakini sauti zenyewe zilianza kumhubiria Tantine juu ya kuacha mafuta mengi katika sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo. Naye akafukuzwa. Tukabaki tunatazamana. Tonton, aliyekuwa amekaa dirishani na shati lake jeupe la kanisani, akasema taratibu, "Mimi naweza ikala ku kile kiti."

Tulimcheka kwanza. Tonton alikuwa mlinzi katika jengo moja la vioo karibu na kituo cha Schuman. Kazi yake ilikuwa kutazama beji za watu siku nzima na uso ambao hauna habari yoyote. Ukimpa zawadi ya soksi hawezi kuigiza hata kufurahi. Lakini alikaa, akaweka mikono juu ya magoti, mimi nikapaza sauti "Moteur!" kama nilivyoona wanavyofanya watu wa filamu, na Tantine akavaa sauti yake ya kazini.

"Bonjour, monsieur. Ni nini inakuleta?"

"Asubui."

"Asubui iko aje?"

"Iko nzito. Naamuka mbele ya saa. Nabaki tu ku kitanda. Nasikia kama muntu ameikala hapa." Akagusa kifua.

"Muntu gani?"

"Simujue. Ni muzito tu."

Akatazama sakafu, kisha akamwinulia Tantine macho, vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe niliacha kutafuna. Tantine alipozima kamera nilipiga makofi na miluzi. "Eh, Murhula!" akasema Tantine, akivua miwani. "Miaka yote hii ulikuwa naficha talent?" Tonton akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya. "Ilikuwa bien?" "Bien sana. Semaine ijayo urudie hapo hapo." "Na dawa?" akauliza. "Nitaiandika sasa hivi." Akaiandika, naye Tonton akasimama nyuma yake akisoma jina la dawa herufi kwa herufi, ndipo akaenda kunawa mikono ya kula.

Basi ikawa desturi. Jumapili, kanisa, ukuta, kiti, Tonton. Sasa alianza kila mara kwa Kifaransa, na alipochoka aliteleza akaingia Kiswahili, kama sisi sote, na kwa kuwa profesa hakujua Kiswahili ilimbidi Tantine akae siku za katikati ya juma na vidude masikioni, arudie rekodi na kuandika Kifaransa chini ya picha, neno kwa neno. Nilikuwa nafanya hesabu zangu za shule meza hiyo hiyo, na ananiuliza, "Nabi, 'roho imekauka', utasema aje mu français?" "Sema imekauka. Sèche." "Hapana, sèche ni ya manguo." Anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Roho imekauka. Anarudisha tena. Leo nikiwa kwenye basi nafikiria jambo hilo na inabidi nishuke kituo kisicho changu. Hakuna mwanamke Brussels nzima aliyemsikiliza mumewe kama Tantine alivyomsikiliza Tonton mwaka ule. Alijua mahali alipovuta pumzi. Aliligombania kila neno lake lipate haki yake katika Kifaransa. Na hakusikia, kwa sababu alikuwa anasikiliza mgonjwa wa mazoezi.

Na sisi tulikuwa na jibu la kila kitu. Baada ya kamera tulikula: bugali, sombe, wakati mwingine sambaza, dagaa wa kwetu, ambao dada mmoja aliwaleta kutoka Bukavu ndani ya sanduku lililonuka mpaka leo. Tonton alimega tonge, akalizungusha, akalirudisha. "Acteur bado hajatoka mu role," nilisema, na yeye akasema amekula kazini, hata Jumapili ambayo hakwenda kazini. Akikaa bafuni muda mrefu maji yakimwagika bure, nilibisha: "Tonton, uko nafanya répétition ya mugonjwa?" Kanisani mzee mmoja alimwona amekonda, akamwambia aende kwa daktari, na Tonton akamjibu mbele ya watu, "Mimi? Muke wangu njo docteur wangu." Wanaume wote wakacheka, wakasema hata wao, wake zao ndio madaktari wao, ndio mapolisi wao. Tonton peke yake hakuwa anafanya mzaha. Ila ukiwa na nyumba iliyozoea mzaha, neno la kweli linaingia limevaa nguo za wenzake na hakuna anayelisimamisha mlangoni.

Aliyelisimamisha alikuwa yule profesa. Sikuwahi kumwona isipokuwa ndani ya kioo cha kompyuta: mama mzee mwenye kikohozi, na nyuma yake mkia wa paka uliopita kushoto kwenda kulia. Ilikuwa mchana, majira ya machipuko, mwisho wa muhula, naye alikuwa ameshazitazama rekodi zote za Tantine kwa mfululizo ili ampe alama. Mimi nilikuwa kwenye korido, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, namngoja Tantine animalizie. Nilikuwa najiandaa kumwiga yule mama akikohoa. Nikamsikia anauliza kwa Kifaransa chake cha kule:

"Madame Chantal, huyu bwana ni nani kwako?"

"Ni mume wangu. Sote tumeshangaa, kumbe ana kipaji."

Kikohozi. Halafu, "Kila Jumapili amevaa shati lile lile?"

"Ndiyo, la kanisani."

"Mimi nimelitazama asubuhi moja, kuanzia rekodi ya kwanza hadi ya mwisho. Linamzidi. Kwenye ya kwanza kola inamshika shingo. Kwenye ya mwisho ungeingiza mkono mzima. Na kitu kingine. Mtu anayeigiza huzuni huichungulia kamera, anataka kujua kama imefika. Mumeo hajaitazama hata mara moja. Anakutazama wewe." Akakohoa tena. "Simamisha mazoezi, madame. Huyu bwana haigizi."

Niliona tu mgongo wa Tantine. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake na alikuwa anakibonyeza kwenye kiganja, meno yote, kama anataka kuona vinavyobaki. Sisi tuliishi naye, tulimwona kila asubuhi akipungua kiasi cha unywele, na macho yetu yalipungua pamoja naye. Alihitajika mtu aliye upande wa pili wa bahari.

Jumapili iliyofuata Tonton alikuwa tayari amekaa kwenye kiti tulipotoka chumbani. Alikuwa amesukuma friji mwenyewe. Tantine alivuta kiti kingine, si kile cha daktari, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana. Aliniambia niende sokoni Flagey nikanunue limau. Nilitoka, nikafunga mlango, nikaketi kwenye ngazi ya kwanza. Milango ya nyumba ile ilikuwa ya mbao za kuvunika moyo. Ilipitisha kila kitu.

"Leo hatufanye exercice," Tantine alisema.

"Juu ya nini? Nimeshajitayarisha."

"Murhula. Uko mugonjwa?"

Nikasikia Tonton anacheka, kicheko kifupi. "Sasa njo unauliza? Nilikuambia kila dimanche."

"Nilizani uko nacheza."

"Kucheza? Chantal. Mimi najua kucheza nini?"

Friji haikunguruma, ilikuwa imechomolewa.

"Juu ya nini haukuenda kwa docteur?" akauliza Tantine, na sauti yake ya kazini ilikuwa imeanguka mahali fulani. "Ata kwa généraliste. Ata kuniambia usiku, mu kitanda, kama bwana yangu."

"Mu kitanda ulikuwa umechoka, uko nasoma. Na kwa docteur wa hapa nitaenda kusema nini? Kule ku kazi mwenzetu mumoja aliandikiwa ile madawa, banamutosha beji, banamufukuza. Banasema muntu wa kichwa hawezi chunga mlango. Alors nikafikiri: muke wangu iko nasomea kintu hiyi hiyi. Dimanche iko nanipatia saa nzima, iko naniuliza muzuri, iko naandika dawa. Naye akimaliza, atanipatia. Itabaki kati yetu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nangojea umalize."

"Murhula, hapa siwezi andika dawa."

"Najua. Bado haujamaliza."

"Ata nikimaliza. Hapa Belgique psychologue haandike. Diplôme ile ni ya kule. Ni ya Bukavu." Alianza kulia sasa, maneno yakapanda juu ya mengine. "Nilikuambia. Siku ya kwanza nilikuambia."

"Uliniambia mambo mingi, Chantal. Nilisikia tu ya kwamba utaandika dawa." Kiti kikalia. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu aliyeshuka kituo kibaya na anaulizia njia, "Donc nilikuwa nangojea nini?"

Mimi nina jibu la kila swali. Waulize walimu wangu, wameandika hivyo kwenye ripoti, si kwa kunisifu. Pale kwenye ngazi nilitafuta neno moja la kuingia nalo, neno la kuwachekesha hata kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba ile, na sikulipata. Nikaenda Flagey. Nikarudi na machungwa.

Daktari alipatikana, kijana mmoja mwenye ofisi karibu na mabwawa ya Ixelles. Tantine alitaka kuingia naye, Tonton akasema hapana, akaingia peke yake. Hakukaa sana. Alitoka na karatasi, akampa Tantine, na Tantine akaisoma pale pale kando ya njia ya tramu. Ilikuwa dawa ile ile aliyoiandika yeye kwa muda mrefu kwenye karatasi zake za mazoezi. Kiasi kile kile. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, akapewa alama nzuri, na dawa ikabaki kwenye kompyuta. Aliikunja karatasi mara nyingi, ikawa ndogo kama kidonge chenyewe, mpaka mwuza dawa akatatizika kuifungua.

Tonton alipona. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi nikiwasimulia. Wanangoja niseme amekufa, na nikisema amepona wanapumua, wanasema Mungu mwema. Mungu mwema, ndiyo. Kufikia kiangazi alikuwa anamaliza sahani na kuniibia nyama. Kazini hakuna aliyejua, beji ikabaki shingoni. Lakini alianza kusema asante. Aksanti, Chantal, kwa chai. Aksanti kwa shati. Aksanti kwa kunifungulia mlango. Mtu hamshukuru mkewe hivyo, anamshukuru nesi. Naye Tantine alimtazama akila kama anavyotazama watu kazini: tonge ngapi, mikono inatetemeka, usingizi vipi. Nyumba ikawa na adabu kubwa. Nilimwaga vichekesho vyangu vyote, hata vile vya akiba vya harusi, nao walicheka wote wawili kwa wakati unaofaa.

Asubuhi moja nikiwa nachemsha maji niliwasikia chumbani. Hawakuwa wanagombana, na ningependa wangegombana. "Haiko kasirani," Tonton alikuwa anasema. "Nakuapia. Ni vile tu nikikuona, nasikia bado niko ku ile kiti." Na Tantine akasema, "Na mimi nikikuona nakupima. Sijue tena kukutazama vingine. Nimejaribu." "Najua umejaribu." Kisha kitanda kikalia, mmoja amekaa kando ya mwenzake, na birika langu likapiga kelele na sikusikia mengine. Mvua za vuli zilipoanza, Tonton alihamia Liège kwa binamu yake na kupata mlango mwingine wa kulinda. Tantine alifanya mtihani wake wa mwisho jikoni, peke yake. Alifaulu vizuri sana. Profesa alimpongeza ndani ya kioo, na Tantine akashukuru, akafunga kompyuta, akaenda kubandua vikaratasi kwenye makabati, kimoja kimoja, kwa ukucha.

Sasa mimi ninalala kwa Maman Odette hadi nimalize shule, na Bukavu kuna watu wataandikiwa dawa na mwanamke anayesikiliza kuliko madaktari wote ninaowajua. Nawaonea wivu. Jumamosi Tonton alikuja kwa treni kubeba masanduku. Kwenye mlango wa wasafiri waliagana kama watu waliofanya kazi ofisi moja. "Ujichunge," alisema Tantine. "Na weye," akajibu Tonton. Tantine alinikumbatia mimi mpaka hereni yake ikanichoma, akaenda, na hakugeuka, na Tonton alibaki amesimama wima vile vile anavyosimama kazini, akitazama mlango ambao haukuwa wake wa kulinda.

Tulirudi mjini. Aliniuliza kama nasikia njaa, nikamwambia nasikia njaa hata nikiwa usingizini, tukashuka Flagey, akaninunulia frites, yaani vibanzi, tukaketi kwenye benchi kwenye upepo. Alikula mbili, tatu. Halafu nikaona machozi yanamtiririka, uso wake umetulia kabisa, yanashuka kidevuni na kudondokea kwenye mayonezi. Nilihisi ngazi ile tena chini yangu. Nilitoa simu polepole, chini ya koti, nikaanza kutafuta namba ya yule daktari kijana.

"Nabi. Uko naita nani?"

"Docteur."

"Weka simu."

"Tonton, ku mwanzo tulikosea, sisi sote tulikosea, na mimi sitaki—"

"Weka." Alijipangusa kwa kile kitambaa cha karatasi chenye mafuta, akazidi kujipaka. Alinitazama mimi, si sakafu. "Ile ingine naijua. Niliikala nayo mwaka muzima. Ilikuwa kavu, ata machozi haikuwa nayo. Hii haiko ile."

"Sasa hii ni nini?"

Alichukua kibanzi kingine, akakishika tu.

"Hii ni muke wangu njo ameenda."